Kidonge Kilichoteremka Bugolobi

Nianze kwa kukiri kosa. Siku moja nikisafisha kabati la nyumba ninayopanga hapa Bugolobi, nilikuta mfuko wa dawa zilizokwisha muda: Septrin nusu pakiti, vidonge vya diklofenaki nilivyopewa wakati mgongo uliponikamata, na kichupa cha dawa ya mtoto ambacho maandishi yake yalishafifia. Nilivibandua vidonge kimoja kimoja nikavitupa chooni, nikamimina na ile ya chupa, nikavuta maji. Nilinawa mikono nikiwa nimeridhika kabisa. Jalalani watoto wangeziokota, nilijiambia. Hapa zimekwenda zao.

Zimekwenda wapi?

Bugolobi ni kilima chenye sura mbili. Juu kuna maghorofa ya zamani, nyumba zenye bustani, barabara ya Luthuli na mikahawa ambayo mtu huingia na kompyuta yake asubuhi akatoka jua likizama. Chini kuna reli, ng'ambo yake Namuwongo na vibanda vyake vilivyobanana, kuna viwanda, na katikati ya vyote hivyo uko mtambo mkuu wa majitaka wa Kampala. Wakazi wa miaka mingi waliujua kwa pua kabla ya kuujua kwa macho. Upepo ukigeuka jioni, hata mwenye nyumba ya ghali hufunga madirisha.

Mtambo wa awali ulijengwa enzi za ukoloni, Kampala ikiwa bado mji mdogo. Wa sasa ulijengwa kwa fedha za serikali ya Uganda, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Ujerumani na Umoja wa Ulaya, na unaweza kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, yaani lita milioni 45. Uchafu mzito hutuama chini, bakteria hula ule ulioyeyuka, na matope huchachushwa yakatoa gesi ya kuzalisha umeme. Ni kazi kubwa, na siandiki haya kuwabeza wahandisi wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka. Ila mtambo wa namna hii, uwe Kampala au uwe Berlin, ulibuniwa kwa ajili ya kinyesi. Hakuna aliyeuagiza ushughulike na Septrin.

Tena si lazima mtu azimwage dawa kama nilivyozimwaga mimi. Wengi wetu tunazipeleka huko kwa njia ya halali. Mwili haumalizi kila dawa unayopewa. Metfomini, ile ya wagonjwa wa kisukari, hutoka kwenye mkojo karibu yote ikiwa vilevile ilivyoingia. Trimethoprimu, ambayo ni sehemu ya pili ya Septrin, hutoka kwa sehemu kubwa bila kubadilika. Mwenzake, sulfamethoksazoli, hufungwa na ini kwa kiungo cha kikemikali kabla ya kutolewa, lakini bakteria wa majitaka wanaweza kukifungua kifungo hicho na dawa ikarudia hali yake ya kwanza. Jeli ya diklofenaki unayojipaka gotini huingia mwilini kidogo tu, iliyobaki unaioga. Na karbamazepini, dawa ya kifafa, hata ikitoka mwilini kidogo ni sugu kiasi kwamba wanasayansi huitumia kama alama: wakiikuta kisimani au ziwani, wanajua kwamba maji ya choo yamefika hapo.

Ukitaka kufuata njia ya kidonge changu, shuka hadi mfereji wa Nakivubo. Mfereji huu huanzia katikati ya jiji, hupita karibu na soko la Owino na uwanja wa mpira wenye jina lake, hukata eneo la viwanda, ukachukua kila kilichomwagwa njiani: mafuta ya gereji, damu ya machinjio, maji ya mvua yaliyofua mitaa mizima. Ukifika bonde la Bugolobi hupokea maji yaliyotoka mtamboni. Kisha huingia kwenye kinamasi cha Nakivubo, mafunjo na nyasi ndefu zilizogawanywa na reli ya Port Bell, na mwisho humwagika katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, Ziwa Victoria. Waganda huliita Nalubaale, ziwa la miungu. Na kilomita chache kutoka mdomo wa mfereji, kwenye ghuba hiyohiyo, ndipo Ggaba, ambako kwa miongo mingi Kampala imekuwa ikivuta maji yake ya kunywa.

Rudia kusoma sentensi hiyo ukipenda. Jiji linakunywa kutoka kwenye ghuba ileile linayoikojolea. Jambo hili si siri wala si jipya. Kila mwanafunzi wa mazingira pale Makerere hulisikia mwaka wa kwanza. Lililokuwa halijulikani ni dawa kiasi gani zimo humo.

Mwaka 2020 zilitoka tafiti mbili zilizojibu swali hilo kwa tarakimu. Moja iliongozwa na mkemia Florence Nantaba, akishirikiana na wenzake wa Makerere na wa Ujerumani, Uswidi na Afrika Kusini. Walitafuta dawa 24 katika maji ya ghuba kadhaa za ziwa upande wa Uganda, zikiwemo Murchison na Ghuba ya Napoleon huko Jinja, na wakakuta 18. Baadhi zilikuwamo katika kila sampuli waliyochota. Trimethoprimu ilifika nanogramu 89 kwa lita; ibuprofeni, dawa ya maumivu iliyo katika kila mkoba wa mama mwenye watoto, nanogramu 780. Iliyoziacha nyingine nyuma kabisa ni sulfamethoksazoli, iliyofika nanogramu 5,600 kwa lita. Na maji yaliyoongoza kwa uchafuzi wa dawa yalikuwa ya Murchison, yale yanayopokea majitaka ya Kampala.

Utafiti wa pili uliongozwa na Sahar Dalahmeh wa Uswidi pamoja na wataalamu wa Makerere. Hawa walifuata njia ileile niliyoieleza, kuanzia mtambo wa Bugolobi, mfereji, kinamasi, hadi ziwani, wakichota maji kila hatua. Kwa hiyo kidonge changu kina ushahidi wa kisayansi wa safari yake, na safari hiyo inafika ziwani. Sampuli za tafiti hizi zilichotwa kabla mtambo mpya haujaanza kazi sawasawa, kwa hiyo tarakimu za leo huenda ni nyingine. Hiyo ni sababu ya kupima tena; haiwezi kuwa sababu ya kunyamaza.

Sasa, nanogramu ni nini? Chukua gramu moja, igawe mara bilioni moja. Ni kitu ambacho hakina ladha, hakina rangi, wala hakuna mzani wa dukani utakaokisikia. Msomaji mwenye hasira atauliza kwa nini tusumbuane kwa vumbi la vumbi. Ni swali zuri, na lina hesabu yake. Niliifanya mwenyewe mezani kwangu.

Kidonge cha kawaida cha Septrin cha mtu mzima kina miligramu 400 za sulfamethoksazoli na miligramu 80 za trimethoprimu. Chukua maji mabaya kuliko yote waliyopima watafiti wale, yenye mikrogramu 5.6 kwa lita. Uyanywe mabichi, jinsi yalivyo, kutoka ziwani. Ili umeze kiasi cha kidonge kimoja utahitaji lita 71,400 hivi. Mtu anayekunywa lita mbili kwa siku atakimaliza kidonge hicho kimoja baada ya karibu miaka 98.

Kwa hiyo nasema wazi, maana nimeona watu wakitishana kwenye simu: maji ya bomba ya Kampala hayakupi dozi ya dawa. Shirika la Afya Duniani lilipolitazama suala hili katika ripoti yake ya mwaka 2012, liliona kwamba kwa viwango vinavyokutwa katika maji ya kunywa, hatari kwa afya ya mtu ni ndogo sana. Endelea kuchemsha maji yako, lakini ujue unachemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Dawa hizi haziondoki kwa kuchemsha, na si kwa ajili yake birika lako liko motoni.

Laiti mambo yangeishia hapo ningekuwa nimekwisha kuandika. Tatizo ni kwamba hesabu ile ni ya mtu anayekunywa na kukojoa. Samaki hanywi lita mbili. Anaishi humo, mchana na usiku, tangu yai. Na kijimea cha ziwani, kile cha kijani ambacho ndicho chakula cha kwanza cha kila kiumbe kilichomo, kina udhaifu ambao sisi hatuna. Septrin huua bakteria kwa kuwazuia kujitengenezea foleti. Binadamu hatengenezi foleti. Anaipata kwenye mboga, na ndiyo maana dawa inamuua mdudu na kumwacha mgonjwa. Mimea na mwani, lakini, hujitengenezea foleti yao kwa njia inayofanana na ya bakteria. Kwa hiyo dawa iliyobuniwa kwa ustadi ili isituguse sisi, inawagusa wao.

Wanaotathmini hatari ya mazingira wana hesabu yao, nyepesi kuieleza ingawa ngumu kuifanya. Wanachukua kiasi kilichopimwa majini, wanakigawa kwa kiasi ambacho majaribio ya maabara yanaonyesha hakidhuru kiumbe dhaifu kuliko wote. Jibu likivuka moja, kuna hatari. Nantaba na wenzake walipoifanya kwa maji ya ziwa letu, dawa zilizoingia kwenye kundi la hatari kubwa kwa viumbe wa majini zilikuwa sulfamethoksazoli, oksitetrasaiklini, erithromaisini na diklofenaki. Mbili kati ya hizo zilikuwa kwenye mfuko wangu.

Diklofenaki ina historia mbaya ambayo Mwafrika Mashariki anapaswa kuijua. Kule India, Pakistan na Nepal walikuwa wakiwapa ng'ombe wagonjwa dawa hii. Ng'ombe akifa, tai humla. Idadi ya tai wa aina tatu ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 95 katika muda mfupi, na kwa miaka watu walidhani ni ugonjwa wa virusi, hadi mwaka 2004 watafiti walipoonyesha kwamba mafigo ya ndege hao yaliharibiwa na diklofenaki iliyobaki kwenye mizoga. Nchi hizo tatu zilianza kuipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Njia hiyo haikupitia majini, nakubali. Lakini kila nikimwona kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya majalala ya Kampala kama karani mstaafu, huwa nafikiria alichokula asubuhi.

Mfano wa majini ni wa Canada. Kati ya mwaka 2001 na 2003, wanasayansi wakiongozwa na Karen Kidd walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo lililotengwa kwa majaribio huko Ontario, kiasi cha nanogramu tano au sita tu kwa lita. Madume ya samaki wadogo walianza kuwa na dalili za kike, na kundi lao likakaribia kutoweka ziwani humo. Nanogramu tano! Ndipo neno "vumbi la vumbi" linapokosa nguvu.

Nirudi kwenye Septrin, kwa sababu nataka kutenda haki. Kwa nini dawa hii ndiyo iongoze Ziwa Victoria, si nyingine? Hapo pana historia ya uchungu na ya fahari. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika vijijini Uganda, upande wa Tororo, ulionyesha kwamba watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakimeza Septrin kila siku, vifo hupungua kwa asilimia 46. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika kwa wengi. Kidonge cha bei ya karanga kiliwaweka watu hai hadi msaada ulipofika, na kikawa sehemu ya matibabu ya kila siku ya watu wasiohesabika Afrika nzima. Nina ndugu ambaye leo angekuwa kaburini. Basi atakayesoma makala haya akamwambia mgonjwa aache Septrin ili kumnusuru kambare, atakuwa hakunielewa hata kidogo. Kidonge kilitimiza wajibu wake. Kilichobaki nyuma ni cha wajenzi wa mitambo na watunga kanuni.

Nairobi wamelipitia hili pia. Watafiti wa Kenya na Finland walipopima Mto Nairobi na vijito vyake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta sulfamethoksazoli na trimethoprimu, na pamoja nazo dawa za kufubaza virusi: lamivudini, zidovudini, nevirapini. Mito yetu imekuwa daftari la kliniki zetu. Na mwaka 2022 ilichapishwa kazi kubwa iliyopima mito 258 katika nchi 104, sampuli kutoka sehemu 1,052. Miji mitatu iliyoongoza kwa wingi wa dawa majini ilikuwa Lahore ya Pakistan, La Paz ya Bolivia, na jirani yetu Addis Ababa. Nchi tajiri humeza dawa nyingi kuliko sisi, lakini zina mitambo. Nchi maskini kabisa hazina dawa za kutosha hata za kuchafulia. Walio katikati, waliopata kidonge kabla ya kupata bomba la majitaka, ndio wenye mito michafu zaidi.

Hapo ndipo Kampala ilipo. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hawajaunganishwa na bomba la majitaka. Wanatumia vyoo vya shimo. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014 upande wa kaskazini, hupokea pamoja na mengine magari yanayonyonya vyoo hivyo. Lakini shimo la Namuwongo limechimbwa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, na mvua kubwa ikinyesha, shimo na mfereji huwa kitu kimoja. Dawa ya mkazi wa huko haipiti mtamboni kabisa. Huko mtambo mzuri wa Bugolobi ni hadithi ya watu wa mlimani.

Kuna jambo lingine ambalo naliona zito kuliko samaki, nalo ni usugu. Mtambo wa majitaka ni gulio la bakteria. Wanatoka hospitalini Mulago, wanatoka majumbani, wanatoka kwenye matumbo ya watu waliomeza nusu dozi wakaacha walipopata nafuu, wote wanakutanishwa katika joto na chakula tele, na juu yao inanyunyizwa antibayotiki kidogo, isiyotosha kuwaua, inayotosha kuwazoesha. Tena bakteria wana tabia ambayo sisi hatuna: hupeana vinasaba vya usugu hata wakiwa wa jamii mbalimbali. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uswidi, Johan Bengtsson-Palme na Joakim Larsson, walikadiria kiasi ambacho chini yake dawa haitarajiwi kuwachuja bakteria sugu: trimethoprimu nanogramu 500 kwa lita, sulfamethoksazoli 16,000, siprofloksasini 64 tu. Ukiziweka tarakimu za ziwa kando ya hizo, sulfamethoksazoli na trimethoprimu ziko chini ya mstari. Ni habari njema, niitoe kama ilivyo. Ila mstari huo huchorwa kwa dawa moja peke yake, na ziwani hamna dawa moja peke yake. Zimo kumi na nane kwa pamoja. Halafu ziwani ni mwisho wa safari, baada ya maji kuchanganywa na mengi. Kwenye mfereji, ambako watoto huvuka kwa miguu na wakulima huchota, hayajachanganywa kiasi hicho.

Usugu si tishio la kesho. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu katika mwaka 2019 pekee, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mkubwa zaidi. Ni vifo vingapi kati ya hivyo vilianzia kwenye mfereji? Vingi zaidi huanzia hospitalini na kwenye maduka ya dawa yanayouza antibayotiki kama peremende. Mfereji ni mchangiaji mmojawapo. Lakini ni mchangiaji asiyelala.

Basi nikapita kinamasini. Watu wa Kampala wamelima humo tangu zamani, magimbi hasa, ambayo Waganda huyaita mayuni, na miwa na mboga. Udongo ni mweusi, unameta. Hauhitaji mbolea, mfereji unaileta bure. Mwanzoni mwa safari hii nilidhani hapo ndipo ningeikuta hatari kubwa ya dawa. Nilichokuta kwenye maandishi ni kitu cha kale zaidi. Watafiti wa Uswisi na Makerere waliwapima watu wazima 915 wanaokaa au kufanya kazi karibu na majitaka ya Kampala, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Miongoni mwa wakulima wa mjini, asilimia 75.9 walikuwa na minyoo au vimelea vingine vya tumbo. Robo tatu! Kwa mwanamke anayesimama katika maji hayo asubuhi na jembe mkononi, sulfamethoksazoli ni mgeni wa mbali. Safura yuko miguuni. Anayetathmini hatari bila kusema hivyo atakuwa anaandika kwa ajili ya wafadhili tu.

Na kinamasi chenyewe? Mwaka 1999 wachumi walikadiria kwamba kazi kinayoifanya ya kuchuja maji ya Kampala ina thamani ya kati ya dola milioni moja na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, bila kuajiri mtu hata mmoja. Mwaka huohuo Frank Kansiime na Maimuna Nalubega wa Makerere walionyesha jinsi mafunjo yanavyonyonya virutubisho vya majitaka, yakiyapita majani mengine ya bondeni. Tangu hapo bonde limemegwa: kiwanda hapa, ghala pale, shamba, kifusi. Maji yakipata njia ya mkato hayakai tena katikati ya mizizi, yanakimbia. Mafunjo hayawezi kusafisha kinachopita mbio.

Wenye mamlaka wanajua kwamba ghuba imechoka. Mwani umeongezeka, gharama ya kusafisha maji Ggaba imepanda, na hiyo ni moja ya sababu mtambo mpya wa maji ulijengwa Katosi, wilayani Mukono, mbali na uchafu wa jiji. Ni uamuzi wa busara. Pia ni kukiri: tulipoona kisima kimeharibika, tulisogeza ndoo.

Ninachokipigia kelele ni kidogo kuliko mtambo. Viwango vya taifa vya maji machafu vya mwaka 1999 vilitaja mengi: oksijeni inayohitajiwa na uchafu, fosforasi, metali nzito, bakteria wa kinyesi. Dawa ya binadamu au ya mifugo haikuwamo hata moja. Kisichotajwa hakipimwi, na kisichopimwa hakina mwenyewe. Mamlaka ya Dawa inahesabu vidonge vinavyoingia nchini. Shirika la Maji linahesabu lita zinazotoka mtamboni. Mamlaka ya mazingira inakagua moshi na mafuta. Kidonge kikishavuka koo la mgonjwa kinakuwa yatima.

Uswisi waliamua mwaka 2016 kuongeza hatua nyingine katika mitambo yao mikubwa, kwa kutumia ozoni au mkaa maalumu unaonasa dawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2024 inayotaka hatua hiyo, na kubwa zaidi, inayotaka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama yake. Sitegemei Kampala ijenge mtambo wa ozoni wakati kuna mitaa isiyo na bomba. Lakini ile kanuni ya nani alipe inaweza kujadiliwa hapa hata kesho asubuhi, na haihitaji ozoni.

Hebu tuseme, kwa makadirio tu, kwamba lita milioni 45 za mtambo wa Bugolobi zinatoka na kiasi kilekile kilichopimwa ziwani, mikrogramu 5.6 kwa lita. Ni gramu 252 za sulfamethoksazoli kwa siku. Ni sawa na kusimama pale mfereji unapoingia ziwani na kurusha vidonge 630 vya Septrin, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Nilipokwenda kwenye duka la dawa la mtaani kuuliza kama wangepokea dawa zilizokwisha muda, dada aliyekuwa kaunta alinitazama kama mtu anayerudisha mkate alioula nusu. Alikuwa mpole; hana pa kuzipeleka. Duka lenyewe linatakiwa kuteketeza bidhaa zake zilizoharibika chini ya usimamizi, lakini za mteja si zake. Kwa sasa nyingine zilizokwisha muda baada ya zile nimezifunga kwenye mfuko, ziko juu ya kabati, na najua kwamba hilo nalo si jibu.

Ombi langu ni kwa ofisi tatu. Mamlaka ya Dawa iamuru kila duka liwe na sanduku la kurudishia dawa, na kampuni zinazoziingiza nchini zilipie gharama ya kuziteketeza. Mamlaka ya mazingira iongeze majina manne kwenye orodha ya vinavyopimwa: sulfamethoksazoli, oksitetrasaiklini, erithromaisini, diklofenaki. Na Shirika la Maji lirudie vipimo vya Bugolobi sasa mtambo mpya ukiwa kazini, likachapishe matokeo mahali ambapo mlipa bili anaweza kuyasoma, yawe mazuri au mabaya. Majina hayo manne yamekuwa yakijulikana tangu mwaka 2020.